Canaletto hakuwa mashine ya kunakili Venice

Giovanni Antonio Canal, maarufu kama Canaletto (1697–1768), alichora kwa wino maisha ya uwanja wa San Marco, Venice, na tangu hapo michoro hiyo haijakosa ya kuzushiwa.

Dhana sugu kuliko zote ni kwamba alifuatisha tu mistari ya kamera obskura, sanduku la giza lenye lenzi inayotupa taswira ya nje juu ya karatasi. Huenda chombo hicho alikijua. Lakini wataalamu wa Royal Collection, mkusanyo wa sanaa wa ufalme wa Uingereza, walipoichunguza michoro yake kwa miale ya infraredi, chini ya wino walikuta mistari ya penseli iliyopigwa kwa rula. Mtu huyu alikuwa akipima na kupanga. Tena hakusita kudanganya: alisogeza majengo, akapanua viwanja, akaunganisha mandhari zilizoonekana kutoka sehemu mbili tofauti. Ukiifanya ramani, utapotea.

Eti ni rasimu za picha za rangi? Baadhi, ndiyo. Mingine mingi ilikamilishwa ili iuzwe yenyewe. Joseph Smith, konseli wa Uingereza mjini Venice, aliikusanya kwa wingi, na mwaka 1762 Mfalme George III akaununua mkusanyo wake.

Ule ukahawia wa wino wa michoro hiyo nao usikudanganye. Wino mwingi wa zama hizo ulitengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma. Ulikolea ukawa mweusi, kisha miaka ikaugeuza kahawia.

Linaloniudhi hasa ni kudai kwamba alijali mawe tu, watu wakawa vidoa vya kujazia nafasi. Tarehe 23 Aprili 1745, sikukuu ya Mtakatifu George, radi iliupiga mnara wa kengele wa San Marco. Canaletto akauchora ukiwa na jeraha lake, jukwaa la mafundi likining'inia ubavuni, na tarehe ya radi akaiandika papo hapo. Hiyo ni habari ya mtaani, kazi ya mtu anayejua mji unazungumzia nini wiki ile.

Na ukifika Venice leo, usiusifu mnara ulio mbele yako kuwa ndio huo wa mchoroni. Ule ulianguka Julai 14, 1902. Huu ulizinduliwa mwaka 1912.