Zege halikuwa na hatia

Wengi huamini kwamba maghorofa marefu ya nyumba za kupanga za halmashauri, yaliyojengwa Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, yalizaa uhalifu na upweke kwa sababu ya urefu wake na zege lake. Sivyo. Tazama Trellick Tower, London: jengo la ghorofa 31 lililokamilika mwaka 1972, likaogopwa kwa wizi na uharibifu. Kilichokosekana ni ulinzi na matunzo, haki ya kawaida ya mpangaji yeyote. Katikati ya miaka ya 1980 wapangaji waliunda chama chao, wakadai na kupata bawabu mlangoni. Zege ni lilelile, ila nyumba zikaanza kugombewa; mwaka 1998 jengo likawekwa kwenye orodha ya majengo ya urithi yanayolindwa kisheria.