Mwenyekiti wa LC1 akigonga muhuri, kesi haijaisha

Ujumbe huu kuhusu LC1, yaani baraza la kijiji nchini Uganda, haukomi kwenye makundi ya WhatsApp: “Mahakama ya LC1 ikishaamua, huna pa kwenda.” Si kweli. Isome Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya 2006: asiyeridhika hukata rufaa kutoka kijiji hadi parishi, kisha kaunti ndogo, halafu kwa Hakimu Mkuu.

Naelewa watu wanachanganyikiwa wapi. Mwenyekiti anayeamua kesi ya mbuzi waliokula mahindi ya jirani ndiye pia anayekugongea barua ya utambulisho, na muhuri ule tumezoea kuuona kama mwisho wa mambo.

Omba nakala ya hukumu, ukate rufaa bila kukawia. Muda wake una kikomo. Ujumbe ule, tafadhali, usiusambaze tena. Mwenye mahindi akiuamini, atanyamaza.