Bei za nyumba Dar es Salaam: tunayoyaamini na yaliyopo ardhini

Ukiuliza bei ya nyumba Dar es Salaam utajibiwa kwa jina la mahali. "Goba siku hizi hakushikiki." "Chanika bado kuko chini." "Mikocheni waachie wenye nazo." Watu hutoa kiinua mgongo chote, au mkopo wa SACCOS, kwa kutegemea maneno kama hayo, na wengi huumia hapo. Jina la mahali halina bei. Bei iko kwenye kipande kimoja cha ardhi, na mambo yanayoipandisha au kuishusha yanaweza kukaguliwa kabla hujatoa hata shilingi. Hizi ndizo kauli ninazozisikia mara kwa mara, na kilichopo nyuma yake.

"Nyumba nzuri ndiyo yenye bei kubwa"

Mfuko wa saruji ukitoka kiwandani Wazo Hill haubadiliki sana bei, ushushwe Masaki au Gongo la Mboto. Nondo ni zilezile na bati ni lilelile. Ukijenga ramani moja ya vyumba vitatu katika maeneo hayo mawili, gharama za ujenzi zitakaribiana. Siku ya kuuza, ile ya Masaki itakuwa na bei kubwa mara kadhaa kuliko ya Gongo la Mboto. Tofauti hiyo karibu yote ni ya ardhi, na ndiyo maana Masaki na Oysterbay mtu hununua nyumba nzima yenye paa na marumaru, kisha akaibomoa wiki hiyohiyo.

Kwa nini ardhi ya huko ina thamani hivyo? Bahari ni sehemu ya jibu, lakini Kigamboni nako kuna bahari. Waingereza waliugawa mji huu kwa kanda: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Oysterbay ilipimwa viwanja vikubwa, ikapewa barabara na mabomba mapema. Kariakoo na Ilala zilipata viwanja vidogo vilivyobanana, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likaachwa katikati kutenganisha watu. Zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, ramani ya bei bado inafanana mno na ramani ile. Binafsi naona jambo hili halisemwi vya kutosha, kana kwamba umaskini wa mtaa ni tabia ya waliomo.

Kuna pia wapangaji. Mtu asiye raia haruhusiwi kupewa ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo watumishi wa balozi na mashirika ya kimataifa hupanga, na kwa miaka mingi walilipa kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei kwa fedha za kigeni, lakini wateja ni walewale.

"Kila eneo lina bei yake"

Hili ndilo linalowaponza wengi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwanza, jina lenyewe linadanganya. Tangazo likisema "nyumba inauzwa Mbezi", ni Mbezi Beach au Mbezi ya Kimara? Kati ya hizo mbili kuna safari nzima ya daladala. Hata ndani ya Mbezi Beach, upande wa baharini na upande wa juu wa Barabara ya Bagamoyo ni masoko mawili tofauti.

Pili, mabonde. Dar imekatwa na mito: Msimbazi, Mzinga, Mpiji na vijito vyake. Mvua za Desemba 2011 zilipoijaza maji Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, baadhi ya waliokuwa wakiishi mabondeni walipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tabata au Kigogo unaweza kusimama uchochoroni ukaona nyumba mbili zinazotazamana, moja juu ya kilima kidogo, nyingine imeinamia bonde. Angalia kuta za hii ya pili kwa chini: utaona mstari wa tope wa mafuriko yaliyopita, au rangi iliyopakwa upya hadi usawa wa kiuno tu. Mtaa mmoja, mjumbe mmoja, bei mbali kabisa.

Tatu, hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kando yake. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kila upande wa Barabara ya Morogoro zilivunjwa kupisha upanuzi. Walioambiwa "hiyo iko lami kabisa, utauza duka mbele" walibaki na kifusi. Nyumba iliyokuwa nyuma yao ndiyo leo inatazama barabara ya njia nane.

Nne, karatasi. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati ni kitu kimoja. Chenye leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kukaa eneo lisilopimwa, ni kingine. Chenye mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni kingine tena. Benki haitatoa mkopo wa nyumba kwa huu wa mwisho, maana yake mnunuzi wako wa baadaye lazima awe na fedha taslimu, na wenye fedha taslimu ni wachache. Ukiona nyumba mbili za aina moja zimepishana bei, uliza kwanza karatasi. Na hati usiishie kuishika mkononi: peleka maombi ya uchunguzi rasmi ofisi ya ardhi, ujue mmiliki aliyesajiliwa ni nani na kama kuna zuio au rehani ya benki.

Tano, vipimo. Pembezoni viwanja vingi huuzwa kwa hatua. Muuzaji anatembea, wewe unahesabu, mnapigilia vigingi. "Ishirini kwa ishirini" inasikika kama mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Lakini hatua ya mtu mzima kwa kawaida haifiki mita. Ikiwa ni sentimita 75, hatua 20 ni mita 15, na kiwanja ni mita za mraba 225. Kama umekilipia milioni 12 ukidhani ni mita 400, ulijua unanunua kila mita ya mraba kwa 30,000, kumbe umenunua kwa zaidi ya 53,000. Nenda na futikamba. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

"Uswahilini ndiko kwenye nafuu"

Kariakoo ilianza kama uswahilini: nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati, uani na choo. Leo nyumba chakavu ya aina hiyo inagombaniwa na wafanyabiashara, kwa sababu kinachonunuliwa ni uwezo wa kusimamisha ghorofa lenye fremu za maduka chini. Fremu moja ndogo pale inaweza kuingiza kodi kubwa kuliko nyumba nzima ya familia kule Bunju. Magomeni na Ilala zinafuata njia hiyohiyo, taratibu.

"Mradi ukitangazwa, nunua haraka, bei itapanda"

Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya Kigamboni, ng'ambo ya maji kutoka katikati ya jiji. Wenye ardhi walizuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri fidia, na mpango haukujengwa kama ulivyotangazwa. Kuna familia zilizokaa miaka na nyumba isiyoweza kuongezwa hata chumba wala kuuzwa kwa bei ya maana. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016 ndipo Kigamboni ikasogea mjini, tena kwa tozo ya kila gari linalovuka. Kibada, hukohuko Kigamboni, ilinufaika mapema kwa kuwa ilikwisha kupimwa katika Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002; barabara za mitaa zilikuwa zimechorwa, mtu anajua anapojenga.

Dodoma inafundisha zaidi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulifanywa 1973. Aliyejenga pale mwaka ule kwa kutegemea tangazo alisubiri zaidi ya miaka 40, mpaka 2016 Serikali iliposema inahama kweli, na baadaye ofisi zake zikaanza kujengwa Mtumba. Tangazo hupandisha maneno ya madalali siku hiyohiyo. Bei ya kudumu huja na kifusi kinachomwagwa, nguzo zinazosimama na watu wanaohamia.

"Pembezoni ni rahisi"

Bei ya kiwanja ni rahisi, hilo kweli. Ongeza mengine. Kama umeme uko mbali utasubiri nguzo. Kama bomba la DAWASA halijafika, utanunua maji ya boza au utachimba kisima, na sehemu nyingi za ukanda wa pwani kisima hutoa maji ya chumvi. Barabara ya udongo mwekundu ikinyeshewa, lori la mchanga linadai zaidi au linakataa kuingia. Halafu kila siku kuna bodaboda hadi kituoni, daladala hadi mjini, na kurudi. Weka hesabu hiyo kwa mwezi, uizidishe kwa miaka utakayoishi hapo, ndipo ulinganishe na kiwanja kidogo cha bei kubwa karibu na kituo cha mwendokasi. Wakati mwingine pembezoni bado patashinda, hasa kwa anayefanyia kazi hukohuko au anayefuga. Lakini hesabu ifanywe.

"Dalali ndiye anayejua bei ya soko"

Dalali anajua bei inayotajwa. Mara nyingi ameshaongeza cha juu, na jirani atakayeuza kesho atasikia kiasi hicho na kukitaja kama bei ya mtaa. Wapo madalali waungwana wanaoijua mitaa yao kwa undani; hata hivyo, wao hulipwa biashara ikifanyika. Mthamini aliyesajiliwa hulipwa hata ukiacha kununua. Ukishindwa kumlipa, tafuta watu wawili au watatu walionunua mtaa ule hivi karibuni, uulize walilipa ngapi mwishoni, baada ya kupunguziwa.

Ukikuta nyumba Sinza au Kijitonyama imeshuka bei ghafla, chini sana ya nyingine za mtaa huo, usikimbilie kushukuru. Sababu ya kawaida ni mirathi: baba amefariki, mtoto mmoja ana shida ya fedha, wengine hawajui kinachoendelea. Omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na kama muuzaji ana mwenza, ridhaa yake iwe kwa maandishi. Muuzaji akikujibu kwamba hayo mtayamaliza baada ya malipo ya awali, ondoka na fedha zako zote.