Masharti ya Kupiga Kura: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Demokrasia ya kweli haimwekei mpigakura sharti lolote.

Masharti yapo kila mahali. Mpigakura hutakiwa kuwa ametimiza umri uliowekwa, ambao kwa kawaida ni miaka 18 (Brazil na Austria huruhusu kuanzia 16), na katika nchi nyingi hutakiwa pia kuwa raia na kuwamo katika daftari la wapigakura. Kinachostahili kubishaniwa ni aina ya sharti. Umri huthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, na kila aliye hai ataufikia. Lakini sharti la uelewa, kama vile mtihani wa kusoma, hutegemea hukumu ya ofisa aliyeketi mbele ya mwananchi.

Dhana potofu: Mtihani mdogo wa kusoma au wa uraia ungewachuja wasiojua, na nchi ingepata viongozi bora.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Katiba ya jimbo la Mississippi nchini Marekani ya mwaka 1890 ilimtaka anayejiandikisha aweze kusoma kifungu chochote cha katiba hiyo, au akisomewa akielewe, au akifafanue ipasavyo. Maandishi ya sharti hilo hayakutaja rangi ya mtu. Hata hivyo, msajili ndiye aliyechagua kifungu, na ndiye aliyeamua kama ufafanuzi unatosha, kwa hiyo Mzungu aliweza kupewa sentensi fupi na nyepesi, ilhali Mweusi aliyesoma kumzidi msajili mwenyewe alipewa kifungu kizito cha kisheria, kisha akaambiwa ameshindwa. Majimbo mengine ya Kusini yalikuwa na mitihani ya namna hiyo, na ilibidi sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1965 iingilie kati kuisimamisha.

Nauzingatia mfano huu kwa sababu wengi wanaopendekeza mtihani leo wana nia njema, na kila mmoja huamini kwamba wa kwake utasahihishwa kwa haki. Lakini atautunga nani? Serikali iliyo madarakani ndiyo inayoajiri wasahihishaji, na ndiyo yenye cha kupoteza wasioridhika wanapopiga kura.

Dhana potofu: Asiyejua kusoma hawezi kuchagua kiongozi.

Katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa India, mwaka 1951 hadi 1952, walioandikishwa walizidi milioni 170, wakati ambapo waliojua kusoma na kuandika hawakufika mtu mmoja kati ya watano. Kila mgombea alitengewa sanduku lake lenye alama yake, na mpigakura alitumbukiza karatasi katika sanduku la aliyemtaka. Kikwazo kilikuwa katika namna ya kupiga kura, na namna hiyo ndiyo iliyorekebishwa. Wasiojua kusoma hawakuondolewa daftarini kwa sababu hiyo.

Dhana potofu: Wasomi wapewe kura nyingi zaidi, kwa kuwa wanaona mbali.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alilipendekeza wazo hili mwaka 1861, na Uingereza iliendelea kuwapa wahitimu wa baadhi ya vyuo vikuu kura ya ziada hadi sheria ya mwaka 1948 ilipoifuta. Elimu humsaidia mtu kupima njia za kufikia lengo, lakini haimpi mamlaka ya kumwamulia mwenzake lengo lenyewe. Anayelipa kodi, anayetibiwa katika hospitali ya umma na anayepelekwa vitani huguswa na sheria zile zile, awe na shahada au asiwe nayo.