Nani huamua filamu huru ipate diski ya hadhi?

Wapenzi wa filamu wamezidi kuongezeka Mbeya na Iringa, na miongoni mwao wapo wanaofuatilia kwa makini filamu huru, yaani zile zinazotengenezwa nje ya studio kubwa, na ambao kila tamasha kubwa linapomalizika hubishana ni ipi itakayotolewa katika diski ya hadhi. Kwa diski ya hadhi nina maana ya toleo linaloandaliwa na kampuni kama Criterion ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984 enzi za diski kubwa za leza, au Arrow, BFI na Second Run za Uingereza: picha iliyokarabatiwa, mara nyingi chini ya macho ya mwongozaji au mpigapicha mwenyewe, sauti iliyosafishwa, mahojiano, insha ndani ya kijitabu na jalada lililochorwa upya. Ni mbali sana na diski inayouzwa Mwanjelwa ndani ya mfuko wa nailoni, yenye filamu kumi na kitu zilizobanwa mpaka nyuso za waigizaji zinavunjika vipande vipande pale wanapogeuka. Mjadala huu una uzito, kwa sababu toleo zuri huamua kama filamu itaonekana ilivyokusudiwa miaka thelathini ijayo au itabaki jina linalotajwa tu. Hata hivyo, ubashiri mwingi ninaousikia hukosea, na hukosea kwa sababu zilezile.

Dhana: Filamu ikishinda tuzo kubwa, toleo la hadhi ni la uhakika

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Ukweli ni kwamba tuzo huivuta filamu mbele ya wanunuzi, lakini anayeamua diski itoke wapi ni yule aliyenunua haki za usambazaji katika nchi husika. Mfano ulio wazi kabisa ni wa Ruben Östlund wa Sweden, ambaye ameshinda mara mbili Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes la Ufaransa: mwaka 2017 kwa The Square na mwaka 2022 kwa Triangle of Sadness. Nchini Marekani, The Square ilinunuliwa na Magnolia, kampuni ambayo ina kitengo chake cha kutoa diski, nayo ikaitoa yenyewe. Triangle of Sadness ilinunuliwa na Neon, na mwaka 2023 ikatoka Criterion. Mwongozaji ni yuleyule na tuzo ni ileile; kilichotofautiana ni jina la kampuni kwenye mkataba.

Ukiufuata mstari huo utaona unaendelea. Shoplifters ya Hirokazu Kore-eda, mshindi wa Cannes wa mwaka 2018, ilinunuliwa na Magnolia, ikabaki huko. Parasite ya Bong Joon-ho, mshindi wa mwaka 2019, ilinunuliwa na Neon na ikatoka Criterion mwaka 2020. Anatomy of a Fall ya Justine Triet, mshindi wa mwaka 2023, ilipita njia hiyohiyo na kutoka mwaka 2024. Kabla ya hapo, filamu nyingi zilizosambazwa na IFC nazo ziliishia Criterion kwa makubaliano ya kampuni hizo mbili, na ndiyo maana Frances Ha, filamu ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe isiyokuwa na tuzo yoyote ya Cannes, ilipata toleo lake mwaka uleule wa 2013 ilipoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Kwa hiyo anayetaka kubashiri asianze na orodha ya washindi. Aanze na habari za biashara zinazotangazwa siku chache baada ya tamasha: nani amenunua, kwa ajili ya nchi zipi, na kampuni hiyo ina desturi gani. Si kila filamu ya msambazaji fulani hupita mlango huohuo, lakini mlango wenyewe huonekana mapema.

Dhana: Kampuni hizi huchukua filamu ngumu za wasomi tu

Hili halihitaji maneno mengi. Criterion hiyohiyo ilitoa Armageddon na The Rock za Michael Bay kwenye DVD, filamu za milipuko ambazo hata mabanda yetu ya video yamezionyesha hadi diski zikachoka. Arrow nayo imejenga jina lake kwa filamu za kutisha na za mapigano. Ugumu wa filamu si kigezo.

Dhana: Filamu ikishanunuliwa na Netflix, diski haitakuwepo

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inadumu. Netflix haina desturi ya kutengeneza diski za kuuza madukani, na filamu zake nyingi hazijawahi kutoka kwa namna hiyo. Lakini mwaka 2020 Criterion ilitoa Roma ya Alfonso Cuarón, Marriage Story ya Noah Baumbach na The Irishman ya Martin Scorsese, zote mali ya Netflix. Ukizitazama filamu hizo tatu utaona kinachoziunganisha: waongozaji wenye majina makubwa, ambao kazi zao nyingine zilikuwa zinajulikana vizuri kwa wakusanyaji wa diski. Kwa maoni yangu, mwongozaji chipukizi anayeiuzia kampuni ya mtandaoni haki zote za dunia nzima kwa mkupuo anapaswa kujua kwamba nafasi yake ya kupata diski ni finyu sana, na kwamba mahali pa kuitetea ni kwenye mkataba, kabla wino haujakauka.

Dhana: Kazi nzuri itajiuza yenyewe

Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu dhana hii inawaumiza watengenezaji wetu wa nyanda za juu kusini kuliko nyingine yoyote. Killer of Sheep ya Charles Burnett ilitengenezwa Watts, Los Angeles, kama kazi ya chuo kikuu cha UCLA, kwa bajeti isiyofika dola 10,000, na ilikamilika mwaka 1977. Ilipata tuzo ya wahakiki Berlin mwaka 1981. Mwaka 1990 ikaingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa. Hata hivyo haikuweza kusambazwa kama inavyostahili hadi mwaka 2007, kwa sababu Burnett alikuwa ametumia nyimbo nyingi za wasanii wakubwa bila kulipia haki zake. UCLA iliikarabati, na kampuni ndogo ya Milestone ikasimamia malipo ya nyimbo hizo, ambayo yalifikia takriban dola 150,000, zaidi ya mara kumi na tano ya gharama ya kuitengeneza filamu yenyewe. Hakuna aliyewahi kutilia shaka ubora wa filamu ile. Kwa miaka thelathini ilizuiwa na karatasi.

Sasa nitazame karibu na kwetu. Kijana mmoja wa Kihesa, Iringa, alinionyesha filamu yake ya dakika themanini kwenye kompyuta yake, na ina kipande kizuri sana: msichana amekaa dirishani ndani ya basi linaloteremka Kitonga usiku, taa za malori zinapita usoni mwake moja baada ya nyingine, na redio ya basi inapiga wimbo wa Bongo Fleva ambao kila mtu anaujua. Nilimwuliza mambo mawili. La kwanza, kama ana ruhusa ya wimbo ule. Hakuwa nayo, na hakujua kwamba zinahitajika ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi. La pili, picha asilia za kamera ziko wapi. Akajibu kwamba alizifuta kwa sababu Jumamosi iliyofuata alikuwa na kazi ya kupiga video ya send-off na diski ya kompyuta yake ilikuwa imejaa. Kilichobaki ni faili moja iliyobanwa kwa ajili ya kupandishwa mtandaoni. Simlaumu hata kidogo, kwani kazi za harusi ndizo zinazolipa kodi ya chumba, na diski ya ziada ni fedha. Lakini filamu ile, hata ikipendwa na tamasha lolote duniani, sasa haina cha kukabidhi.

Kampuni ya diski za hadhi inapoichukua filamu huomba vitu vinavyojulikana: nakala mama isiyobanwa, sauti ambayo mazungumzo, muziki na milio mingine imetenganishwa, maandishi ya tafsiri yaliyopangwa kwa muda, picha tuli zilizopigwa wakati wa utengenezaji, na mikataba inayoonyesha bila shaka kwamba anayeuza ndiye mwenye mali, kuanzia mwandishi wa hadithi hadi mwigizaji wa mwisho. Nchini kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na COSOTA inasajili kazi za filamu na za muziki. Mwenye kusajili, kuandikishana na kuweka nakala tatu mahali tofauti anaifanya filamu yake iweze kuuzika hata miaka ishirini baadaye. Ningependa jambo hili lifundishwe mapema kama yanavyofundishwa matumizi ya kamera.

Dhana: Filamu za Afrika hazichukuliwi

Zinachukuliwa, na kwa wingi kuliko watu wanavyodhani. Black Girl ya Ousmane Sembène ya mwaka 1966 ilitoka Criterion mwaka 2017, na Mandabi yake ya mwaka 1968 ikafuata mwaka 2021. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya Senegal, ilikarabatiwa mwaka 2008 chini ya mradi wa sinema ya dunia ulioanzishwa na Martin Scorsese, kisha ikaingia katika mkusanyiko wa kwanza wa mradi huo, uliotolewa na Criterion mwaka 2013. Mkusanyiko wa nne, wa mwaka 2022, una Sambizanga ya Sarah Maldoror, inayohusu harakati za ukombozi wa Angola, pamoja na Muna Moto ya Kamerun. Tangu mwaka 2017 upo pia mpango maalumu wa kukarabati urithi wa filamu za Afrika, unaoendeshwa na Film Foundation ya Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika liitwalo FEPACI, na UNESCO.

Na si za zamani tu. Eyimofe ya ndugu Arie na Chuko Esiri, iliyopigwa Lagos kwa mkanda wa milimita 16 na kuonyeshwa Berlin mwaka 2020, imo Criterion. Vivyo hivyo Faya Dayi ya Jessica Beshir, iliyotengenezwa Ethiopia. Mpaka hapo ni kweli kwamba Afrika Magharibi, hasa Senegal, inaonekana zaidi kuliko sisi. Sababu mojawapo ni ya kimaabara: filamu nyingi za nchi zilizotawaliwa na Ufaransa zilisafishwa na kuhaririwa Paris, na negativi zake, yaani mikanda asilia ya kamera, zikabaki huko, mahali ambapo mkarabati anaweza kuzifikia. Afrika Mashariki haina bahati hiyo, na wimbi letu kubwa la filamu lilikuja wakati wa kanda za VHS na DVD, ambapo nakala ya kuuza mara nyingi ndiyo ilikuwa nakala pekee. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, asiulize kama Watanzania wanapendelewa au wanabaguliwa. Aulize maswali yaleyale ya haki za usambazaji na nakala mama ambayo filamu ya Sweden au ya Korea Kusini huulizwa.

Dhana: Ikishatoka, itapatikana daima na popote

Haki hukodishwa kwa muda. Diski ya kwanza katika hesabu ya DVD za Criterion, Grand Illusion ya Jean Renoir, ilitoweka sokoni pale kampuni hiyo ilipopoteza haki za filamu kadhaa za StudioCanal mwaka 2010. Tena, diski zimefungwa kikanda, yaani mashine ya eneo moja la dunia mara nyingi haisomi diski ya eneo jingine: Blu-ray nyingi za Marekani ni za kanda A, ilhali Tanzania ipo kanda B pamoja na Ulaya, na kwa DVD sisi ni kanda 5 huku Marekani ikiwa kanda 1. Anayeagiza kutoka nje hadi posta ya Mbeya achague matoleo ya Uingereza kwa upande wa Blu-ray, au diski za 4K ambazo hazifungwi kikanda, na ahakikishe mashine yake inazisoma.

Dhana: Ubashiri ni bahati nasibu, kwa kuwa kampuni huficha mipango yao

Kampuni huficha tarehe, lakini dalili huziacha wazi. Criterion hutangaza katikati ya mwezi matoleo yatakayotoka takriban miezi mitatu baadaye, na wengi husubiri siku hiyo kana kwamba ndiyo habari yenyewe. Mtu makini huwa ameshajua. Dalili iliyo nzito kuliko zote ni jina la Janus, kampuni ya usambazaji iliyoanzishwa mwaka 1956 na ambayo ni dada wa Criterion: filamu mpya ikionyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani chini ya jina hilo, diski huwa imekaribia kuwa hakika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Drive My Car ya Ryusuke Hamaguchi, iliyopita kwa Sideshow na Janus kabla ya kutoka kwenye diski mwaka 2022. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Eyimofe: Janus iliionyesha Marekani mwaka 2021, na mwaka uliofuata diski ikatoka, huku wengi wetu tukiwa bado tunahesabu tuzo ambazo haikuzipata.