Ukipiga namba ya msaada usiku wa manane: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akikwambia "afadhali nife nipumzike", jibu linalotutoka haraka ni "usiseme hivyo", au "mtangulize Mungu", au "kuna wenye shida kuliko wewe". Tunayasema kwa mapenzi. Lakini aliyekuwa ameanza kufunguka hufunga mdomo, na huenda asirudie tena. Namba za simu za kuwasaidia waliozidiwa zipo kwa ajili ya mtu huyo, ili aliyoanza kuyasema apate pa kuyamalizia. Kwetu zinaogopwa kuliko zinavyotumiwa, na sehemu kubwa ya hofu hiyo inatokana na maneno ya mtaani.

"Hizo ni namba za vichaa"

Tanzania utaambiwa ukipiga huko utaishia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nairobi watataja ya kwao, Mathari. Ukweli ni kwamba hakuna sharti la kuwa mgonjwa wa akili. Watu hupiga kwa sababu ya msiba, deni, ndoa iliyovunjika, kufeli mtihani, kipigo cha nyumbani, upweke. Hupiga pia mtu ambaye mwenyewe ni mzima lakini hapati usingizi kwa kumhofia mdogo wake. Na anayepokea hawezi kumlaza mtu hospitali kwa simu.

"Watanipa ushauri, na ushauri nimeshapewa na kila mtu"

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935, kasisi kijana wa Kianglikana nchini Uingereza, Chad Varah, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Binti alikuwa amevunja ungo, akadhani damu ile ni ugonjwa wa zinaa, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Varah hakulisahau kaburi lile. Novemba 1953 alifungua huduma ya simu katika kanisa la St Stephen Walbrook, London, akatangaza kwamba mwenye mawazo ya kujiua ampigie. Wengine walifika kwa miguu. Waliokuwa wakisubiri zamu walipewa chai na watu wa kawaida waliojitolea, wakakaa nao wakizungumza. Kasisi akaona jambo ambalo hakulitarajia: wengi wakishaongea na yule aliyewapa chai, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Mwanzoni mwa 1954 aliwakabidhi watu hao kazi yenyewe. Ndilo shirika la Samaritans la leo.

Naipenda habari hii kwa sababu ya chai. Inaonyesha kilichowaponya ni nini: kuongea na mtu asiyeshtuka wala kuhukumu, na asiye na haraka ya kumaliza.

Mpaka leo ndivyo simu hizi zinavyokwenda. Unaweza kutaja jina lolote, au usitaje. Anayepokea atakuuliza kimetokea nini, kisha atanyamaza akusikilize. Ukilia, atasubiri. Ukishindwa kabisa kusema, atasubiri pia. Mafunzo yake yamemzoesha ukimya. Baadaye atakuuliza kama uko peke yako, nani anajua hali yako, na nini kimekushikilia mpaka saa hii. Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Mtu anaweza kujibu "mwanangu" au "mama", na akajisikia mwenyewe akilisema.

"Ukimuuliza mtu kama anataka kujiua, unampa wazo"

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayonisumbua zaidi, maana wanaoishikilia ni watu wema: wazazi, walimu, mashemeji, viongozi wa dini. Wanaogopa kulitaja neno. Basi wanazunguka: "Hufikirii kuchukua uamuzi mgumu, eti?" Sikiliza swali hilo lilivyojengwa. Limeshabeba jibu lake ndani. Anayeulizwa anajua anatakiwa kusema "hapana", naye anasema hapana, na wote wawili wanabaki na mzigo wao.

Wapokea simu wanafundishwa kuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Bila kunong'ona, bila kulipamba. Hilo limepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliofanyika katika shule sita za sekondari jimbo la New York kwa wanafunzi 2,342, uliwagawa vijana makundi mawili: kundi moja liliulizwa juu ya mawazo ya kujiua, jingine halikuulizwa. Walioulizwa hawakuonekana kuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao. Na wale waliokuwa tayari na dalili za sonona walionekana kupungukiwa na dhiki baada ya kuulizwa. Neno walilokuwa wamelificha, mtu mwingine alikuwa amelitamka kwanza.

Akijibu "ndiyo", swali linalofuata ni kama ameshapanga namna na wakati, na kama ana kitu cha kutumia karibu naye. Maswali hayo ni mazito kuyasema, lakini ndiyo yanayomtofautisha aliyechoka na maisha na yule ambaye hatari yake ni ya usiku huohuo.

Dhana hii huandamana na nyingine: kwamba anayesema atajiua hafanyi, anatafuta huruma tu. Wengi waliojiua walikuwa wameshadokeza kwa mtu fulani. Na kama mtu anatafuta huruma hadi kufikia kutaja kifo, basi anaihitaji.

"Watanirekodi, kisha waniletee polisi"

Hofu hii haikuzuka tu. Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka 2, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza Januari 2025 kuwa kinapingana na Katiba. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio hilo kuwa kosa. Kwa maoni yangu, sheria za namna hii hazijamzuia mtu kufa, zimemzuia kusema.

Hata hivyo, kupiga simu na kueleza unayoyawaza si jaribio. Huduma hizi hujengwa juu ya siri, na siri ikivunjika, nani atapiga tena? Wapokea simu wanavuka mpaka huo pale tu uhai unapokuwa hatarini muda uleule na hakuna njia nyingine. Marekani, ambako namba ya msaada ya 988 ilianza Julai 2022, simu zinazoishia kwa kutumwa watu wa dharura hazifiki 2 katika kila 100. Kwa mtoto taratibu ni tofauti, na ni haki ziwe tofauti: anayesema anapigwa au anabakwa, maafisa wa ustawi wa jamii wanaweza kuhusishwa ili alindwe.

"Simu moja itabadili nini?"

Deni halifutiki kwa simu, wala marehemu harudi. Lakini ile saa ambayo mtu anajiona hana njia kabisa huja na kupita, mara nyingi kwa muda mfupi kuliko anavyodhani akiwa ndani yake. Kazi ya simu ni kumvusha. Pamoja na mpokeaji, anapanga jinsi ya kumaliza usiku: kile alichokuwa akikifikiria kukitumia kipelekwe kwa jirani, nani aitwe aje kulala pale, nani apigiwe kesho, kliniki gani iendewe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliowafuatilia watu wenye mawazo ya kujiua waliopiga namba hizi ulionyesha kukata tamaa kwao kulipungua simu ikiwa bado inaendelea, na kukazidi kupungua katika wiki zilizofuata.

Si kila simu huenda vizuri. Laini hujaa. Mpokeaji anaweza kuwa amechoka. Ikikutokea, piga tena, utapata mwingine. Na anayeugua sonona bado anahitaji tiba; simu haichukui nafasi ya daktari.

Pa kupiga

Namba 116 ni ya watoto, ni ya bure, na inafanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Tanzania inajulikana kama Huduma ya Simu kwa Mtoto, na mtu mzima anayemhofia mtoto anaweza kuipiga pia. Kenya, Msalaba Mwekundu wanapokea kwa 1199 bila malipo, na shirika la Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Mtu mzima aliye Tanzania na hatari ikiwa ya sasa hivi, apelekwe hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, na asiachwe aende peke yake.

Uingereza ni 116 123, bure, saa zote. Marekani ni 988. Ndugu zetu wengi walioko huko, hasa wazee waliotoka Kongo wakapitia kambi za wakimbizi, hawaipigi kwa sababu ya Kiingereza. Kwa ujumbe mfupi inajibu kwa Kiingereza na Kihispania tu, lakini kwa sauti wanao wakalimani wa simu wa lugha zaidi ya 240. Mpigaji ataje neno "Swahili", kisha asubiri kwenye laini mpaka mkalimani aunganishwe.