Kukarabati nyumba ukiwa na mtoto mchanga: maswali ninayoulizwa kliniki

Masika yakikatika, kuta huanza kuonyesha madoa ya unyevu, rangi hubanduka vipande vipande, na fundi hutaja bei inayomfanya mtu aamue kununua brashi mwenyewe. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mama na mtoto. Miezi ya Juni na Julai, nikiwa nasoma mzani, mama ananiuliza habari za thina na saruji kuliko habari za uji. Haya ndiyo maswali yanayojirudia. Sina nia ya kumzuia mtu kutengeneza nyumba yake. Mtoto naye anahitaji paa lisilovuja.

Nesi, mtoto nikimfunga mgongoni mikono yangu inakuwa huru. Kuna ubaya gani nikipaka rangi huku amelala?

Kwa kuanika nguo au kuchambua mchele, mbeleko ni msaada mkubwa na sina neno. Kwa rangi, msasa, saruji na ngazi, mshushe.

Kichanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, wakati mtu mzima hupumua kama mara 12 hadi 20. Ukilinganisha na uzito wake, anavuta hewa nyingi kuliko wewe, kwa hiyo na mvuke wa rangi anaupata mwingi zaidi. Pua yake iko karibu na bega lako, palepale brashi inapopita. Halafu humwoni. Kanga ikimpanda usoni au shingo ikijikunja, utaijuaje na wewe unatazama ukuta?

Kuhusu ngazi sina maelezo marefu: ukiteleza kinyumenyume, unamwangukia.

Kina mama wa kliniki yangu nimewazoesha kauli moja, nao sasa wananitania nayo: mwenye brashi si mwenye mtoto. Kazi inahitaji watu wazima wawili, mmoja wa ukuta na mwingine wa mtoto, na huyo wa mtoto akae naye chumba kingine au nje kabisa. Siku usipokuwa na mwenzako, fanya kazi nyingine.

Nyumba tumeirithi kwa babu. Mume wangu anataka kukwangua rangi yote ya zamani kwa msasa kabla ya kupaka mpya. Ni sawa?

Hili ndilo swali ninaloliogopa kuliko yote, na mara nyingi linakuja kazi ikiwa imeshafanyika.

Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu, machungwa na kijani, zilitiwa madini ya risasi, yale yale yaliyo kwenye betri za magari. Yalisaidia rangi ing'ae, ikauke haraka na izuie kutu. Zikiwa zimeshika ukutani hazina shida kubwa. Shida inaanza zikigeuka vumbi. Vumbi hilo hutua sakafuni, na sakafuni ndipo anapoishi mtoto anayetambaa, ambaye kila anachogusa kinaishia mdomoni.

Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Ikiingia hudhuru ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, kutulia, kusikia. Hupunguza damu pia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto haonyeshi dalili ya wazi: hana homa, haharishi, kwenye mzani anapanda vizuri. Ndiyo maana watu hawaamini. Afrika Mashariki tuna mfano wetu: mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu hiyo hiyo, hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kiwanda si sawa na ukuta mmoja, lakini madini ni yale yale na watoto waliumia.

Sasa mfanyeje? Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, iacheni na mpake mpya juu yake. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na ni nafuu kwa mfuko pia. Kama inabanduka na lazima itoke, mtoto aondoke nyumbani, aende kwa bibi au kwa jirani, na asirudi mpaka usafi uishe. Mama mjamzito naye aondoke, maana risasi hupita kwenye kondo la nyuma. Toeni vyombo na magodoro, tandikeni nailoni sakafuni, lowesheni ukuta kwa maji kisha mpige msasa ukiwa mbichi ili vumbi lisiruke. Msichome rangi kwa moto, na grainda msiiguse kabisa. Mkimaliza, kunjeni nailoni kwa ndani pamoja na taka zake.

Fagio kavu weka pembeni, kwa sababu litarusha tena kile mlichokituliza. Pigeni deki kwa maji ya sabuni, mbadilishe maji, mpige tena. Futeni na vizingiti vya madirisha, watoto wakianza kusimama hupenda kuving'ata. Aliyefanya kazi aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kama mtoto alikuwepo vumbi likiruka, mwambieni mhudumu wa afya waziwazi. Kuna kipimo cha damu. Hakipo kila hospitali, lakini daktari anaweza kuwaelekeza kinakopatikana.

Basi nikinunua rangi mpya, nichukue ipi? Na mtoto arudi lini chumbani?

Kwa chumba anacholala mtoto, rangi ya maji. Ya mafuta ina mvuke mkali zaidi na hukauka polepole. Kama ni lazima kwa mlango au fremu, ipake mlango ukiwa umetolewa nje. Soma kopo. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni, na watengenezaji wengine huandika kabisa kwamba haina risasi. Rangi ya kupimiwa kwenye kopo lisilo na lebo, hata muuzaji akiapa, iache.

Baada ya kupaka rangi ya maji, acha madirisha wazi siku mbili tatu bila mtoto kulala humo. Ya mafuta ingoje zaidi, wiki ikibidi. Usikitegemee kipimo cha pua yako, kwa kuwa mtu akikaa na harufu huizoea.

Jambo moja lenye kuua: usiwashe jiko la mkaa ndani ili rangi au plasta ikauke haraka. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Ukuta utakauka wenyewe.

Fundi amebakiza saruji iliyochanganywa na mtoto ameichezea. Nimemfuta kwa kitambaa, yatosha?

Haitoshi. Saruji mbichi ni kali mno, ina pH (kipimo cha asidi na magadi) ya 12 hadi 13, na huunguza ngozi polepole. Mwanzoni haiumi sana, ndiyo maana mtoto anaendelea kucheza nayo. Mvue nguo zote pamoja na nepi, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Ikiingia jichoni, mwagia maji kwa muda huo huo wa dakika 20 au zaidi, kichwa kikiwa kimeinama upande wa jicho lililoumia, kisha hospitali moja kwa moja. Usiweke ndimu wala siki ukidhani utaizimua. Dawa ya meno pia hapana. Chokaa ambayo haijazimwa ni mbaya zaidi kwa macho.

Mtoto wa mwaka mmoja amekunywa thina iliyokuwa kwenye chupa ya soda. Jirani anasema nimtapishe.

Usimtapishe. Wala usimpe maziwa au mafuta ya kula. Thina, mafuta ya taa na tapentaini huleta madhara makubwa zikiingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakozipitisha huko. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali sasa hivi, na chupa yenyewe uichukue.

Nenda hata kama anacheka. Kikohozi na kupumua haraka vinaweza kuanza baada ya saa kadhaa. Njiani unaweza kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, hizo ni nyingi mno. Ukizikuta, waambie mapokezi usipangwe foleni.

Kuhusu ile chupa ya soda, nitasema na watu wazima. Duka hupimia watu thina kwenye chupa yoyote iliyopo, nasi tunaileta nyumbani na kuiweka chini ya meza. Mtoto hana kosa. Amejifunza kwetu kwamba chupa ile ina kitu kitamu. Nenda dukani na kopo lenye kifuniko cha kukaza, na likifika nyumbani likae juu, lifungiwe.

Nimejifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita. Naweza kusaidia kubeba maji ya zege?

Hapana. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Kwa wiki sita za mwanzo usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako.

Na baba, ambaye sijakusahau: kama usiku umelala kwa saa tatu tu kwa sababu ya kulea, leo usipande paa.

Nataka kumtengenezea kitanda kwa mbao zilizobaki za paa.

Wazo zuri, mbao mbaya. Mbao za paa nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na mara nyingi dawa hiyo huwa na shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Mtoto anayeota meno atazitafuna. Usizitumie kitandani, na mabaki yake usiyapeleke jikoni kuwa kuni. Moshi na majivu yake yana aseniki. Tafuta mbao ambazo hazijatiwa dawa, zipige msasa mpaka mkono upite bila kuchomwa.

Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kipimo rahisi: kopo la soda lisipite. Ikiwa pana zaidi, mwili hupita na kichwa hunasa. Ubavu wa kitanda uwe wa kudumu. Vitanda vyenye ubavu wa kushusha na kupandisha Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa na kufa. Godoro liwe gumu na likae sawasawa, pembeni pasiingie vidole viwili. Weka kulabu ya chandarua mapema. Mto na kitambaa cha kupamba pembeni havihitajiki, na mtoto alazwe chali.

Ukiacha rangi na saruji, ni nini hasa cha ukarabati kinachowadhuru watoto?

Maji. Ndoo ya kuoshea brashi, pipa la kumwagilia plasta, beseni la kulowekea taili. Mtoto anayeanza kusimama ni mzito kichwani. Akiinama kuchungulia huingia na hawezi kujitoa, na sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha. Hafanyi kelele. Kila mnapopumzika, hata kwa chai tu, mwageni au mfunike kwa kifuniko kinachokaza.

Kisha vile vibetri vya duara, vya rimoti na taa ndogo, mnavyoviona mkihamisha makabati. Kikikwama kooni huunguza ndani ya saa 2. Ukihisi amemeza, usingoje kitoke chooni, kimbia hospitali. Asali, ambayo wengine hushauri mtoto mkubwa aliyemeza betri apewe njiani, usimpe aliye chini ya mwaka mmoja.

Na kabati mlilolihamisha, mlifunge ukutani kwa skrubu kabla hajajifunza kupanda droo.

Mtoto wangu hulala dakika arobaini tu. Hii kazi itaisha lini?

Itachelewa, na ninajua inavyokera kulala sebuleni na magodoro yamepangwa kama ghala. Zigawe kazi. Za dakika arobaini zipo: kufunga kitasa, kubadilisha bawaba, kupima, kukaza skrubu, kushona pazia. Za msasa, rangi na saruji zikusanye kwa siku ambayo yupo mtu wa kukaa na mtoto tangu asubuhi mpaka deki iishe. Mnyonyeshe kabla, oga, nyonyesha tena baadaye. Katikati usimbebe na nguo za kazi hata akilia. Hapo ndipo mwenzako anapoonekana kazi yake.

Mama mmoja wa kliniki yangu amepaka sebule kwa wiki tatu, ukuta mmoja kila Jumamosi, siku ambayo mdogo wake yuko nyumbani. Jumatatu alipokuja kumpima mtoto nilimuuliza ukuta wa nne. Akasema mdogo wake ana mtihani, ukuta utangoje.